Nati Isiyolegea: Juu ya Mvuto, Msuguano na Mtikisiko katika Nchi ya Gusii

Katika nchi ya Gusii, ambayo ardhi yake hupanda na kushuka tangu machimbo ya mawe ya Tabaka hadi mashamba ya chai ya Nyansiongo, na ambako mvua hunyesha karibu katika kila mwezi wa mwaka, chombo cha chuma hakipati mapumziko. Pikipiki inayopanda kutoka Ogembo na mikungu ya ndizi kwa ajili ya soko la Daraja Mbili mjini Kisii, lori linalokusanya majani mabichi ya chai katika vituo vya Nyamira, kinu cha kusagia mahindi kilicho nyuma ya maduka huko Keroka, na mitambo ya viwanda vya chai vya Kebirigo, Sanganyi na Kiamokama, vyote hutikisika kutwa, na baadhi yavyo kutwa na kucha, na vyote vimeungwa kwa bolti na nati ambazo aghalabu hazitazamwi na mtu mpaka siku inapokosekana moja. Nati ni kitu kidogo cha shilingi chache, lakini ndiyo iliyopewa dhamana ya gurudumu lisichomoke, breki isiachie na mkanda usiruke. Na kwa kuwa maisha ya watu wengi yamewekwa amana kwake, yafaa ijulikane bayana ni nini hasa kinachoishika mahali pake, na ni kwa sababu gani hata ile iliyoundwa makusudi isilegee huweza kulegea.

Asili ya parafujo ni mteremko uliozungushwa juu ya mhimili. Tukichukua bolti ya unene wa milimita 10, ambayo hupatikana katika kila duka la spea, na ambayo jino lake moja liko milimita 1.5 kutoka jino la pili, kisha tukaukunjua mteremko wake katika fikira zetu, tutaona kwamba umeinuka kwa nyuzi 3 tu, ilhali msuguano wa chuma juu ya chuma huweza kukizuia kitu kisiteleze hata katika mteremko wa nyuzi 8 au zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya nati ya kawaida, pasipo pini wala gundi wala washa ya namna yoyote, ikae palepale ilipoachwa na spana. Na lau vyombo vyetu vingesimama kimya siku zote, wahandisi wasingekuwa na haja ya kubuni kitu kingine chochote.

Lakini msuguano hauwi msuguano pasipo kitu cha kuzikandamiza nyuso zinazogusana, na kitu hicho ni mvuto uliomo ndani ya bolti yenyewe. Nati inapokazwa huivuta bolti, na bolti, ingawa ni chuma, hurefuka kidogo, na kwa kutaka kurejea urefu wake wa asili huvibana vipande vilivyo katikati; ni mfano wa ule utepe wa tyubu ambao mwendeshaji wa bodaboda hufungia kreti za soda nyuma yake, ambao hushika kwa sababu umevutwa, na usipovutwa hauna faida hata ukizungushwa mara kumi. Bolti hiyo ya milimita 10, ikiwa imepigwa alama ya uimara ya 8.8 kichwani na kukazwa ipasavyo, hubana kwa nguvu ya takriban kilonyutoni 25, ambayo ni sawa na uzito wa tani 2 na nusu. Walakini, ikiwa urefu uliobanwa ni milimita 40, kurefuka kwake kote hakufiki sehemu moja ya kumi ya milimita, na ikiwa urefu uliobanwa ni milimita 10 tu, kama ilivyo pale bamba jembamba linapofungwa juu ya bamba jingine, kurefuka huko huwa takriban milimita 0.02. Hesabu hii ndogo hueleza mengi. Nyuso za chuma, hata zikionekana laini kwa macho, zina vinundu. Zikibanwa na kutikiswa vinundu hivyo hulazwa, rangi iliyopakwa baina yake hupondeka, kutu hupukutika, na mambo hayo yakila milimita 0.01 tu, bolti ndefu hupoteza karibu sehemu moja ya nane ya nguvu yake, na bolti fupi hupoteza karibu nusu, ilhali nati haijazunguka hata kidogo. Basi mtu anayechora alama ya rangi juu ya nati ili aone kama imezunguka amefanya jambo jema, lakini asidhani kwamba alama isiyosogea ni ushahidi kuwa mvuto ungalipo.

Kuna shida nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni kwamba mkono wa fundi hauupimi mvuto, bali huupima msuguano. Katika kila sehemu 100 za nguvu anayoitia katika spana, takriban 50 huishia kwenye uso ulio chini ya nati, 40 huishia katika meno, na 10 tu ndizo zinazoirefusha bolti. Kwa hiyo bolti kavu inayohitaji nyutoni-mita 50 ili ifikie zile kilonyutoni 25, ikipakwa oili na kukazwa kwa kipimo kilekile, hufikia takriban kilonyutoni 33, ambao ndio mpaka wa uwezo wake. Na bolti ya aina hiyohiyo iliyoota kutu kwa mvua za Kisii hutoa mlio, humchosha fundi mkono, humtia yakini kwamba imekaza, kumbe huenda ndani yake hamna hata nusu ya mvuto uliotakiwa. Spana ya kupimia nguvu ni chombo cha thamani, nami ningependa kila gereji iwe nayo, lakini isomwe kwa kujua kwamba meno machafu huidanganya.

Kwa miaka mingi wahandisi walidhani kwamba adui mkubwa wa nati ni mtikisiko unaofuata mhimili wa bolti, yaani kuvutwa na kuachiwa, kuvutwa na kuachiwa. Goodier na Sweeney walilichunguza jambo hilo nchini Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 1945, nao waliona nati ikirudi nyuma, lakini kwa kiasi kidogo tu. Ilikuwa mwaka 1969 ambapo Mjerumani Gerhard Junker alidhihirisha kwamba adui wa kweli ni mtikisiko wa kukingama, yaani ule unaovisukuma vipande vilivyobanwa kwenda upande huu na upande ule, kwa kuikingama bolti. Na mashine aliyoitumia, ambayo huliyumbisha bamba lililofungwa huku ikiupima mvuto wa bolti kwa kila yumbo, ndiyo hadi leo inayotumika kuzijaribu nati na washa za kila namna. Sababu aliyoieleza ni nyepesi kufahamika. Msuguano una uwezo mmoja tu, na uwezo huo huelekea kinyume cha mwendo uliopo. Uso wa nati unapoteleza kwa kwenda upande, msuguano wote hushughulika na mtelezo huo, na katika njia ya kuzunguka hausalii wa kutosha kuzuia kitu, hata ule mteremko wa nyuzi 3, ambao kabla ya hapo haukuwa na nguvu ya kuigeuza nati, sasa huigeuza kidogo kwa kila mtelezo. Nati huweza kulegea kabisa kwa mayumbo mia chache, na injini ya pikipiki hutikisa mara nyingi kuliko hizo katika muda wa dakika moja.

Ukilishika neno hilo la Junker utaweza kuvihukumu vifaa vyote vinavyouzwa kwa jina la kuzuia kulegea, na vingine havitasimama katika hukumu hiyo. Washa ya springi, ile pete iliyokatwa na kupindwa ambayo huwekwa chini ya karibu kila nati katika Afrika Mashariki yote, hulala bapa mara bolti inapofikia mvuto wake, na tangu hapo ni washa ya kawaida tu. Kitabu cha mwongozo wa bolti kilichotolewa na NASA mwaka 1990 kinasema waziwazi kwamba haina faida ya kufunga. Nati mbili zilizokazwa moja juu ya nyingine hufaa, maadamu ile nyembamba itangulie chini na ile nene iwe juu, kwa kuwa ya juu ndiyo inayobeba mzigo. Wengi huziweka kinyume, kwa kuwa macho huona vyema nene ikitangulia.

Nati ya nailoni inastahili maelezo marefu, kwa sababu imeenea sana na inaaminiwa kupita kiasi. Hiyo ni nati yenye pete ya plastiki, aghalabu ya rangi ya buluu au nyeupe, iliyotiwa katika mdomo wake wa juu. Pete hiyo haina meno, na bolti inapopita huikandamiza na kujichimbia njia, hivyo kwamba nati hushika bolti hata kama hakuna kilichobanwa chini yake. Faida yake ni kubwa: mvuto ukitoweka wote, nati haidondoki barabarani. Lakini faida hiyo isichanganywe na nyingine. Katika mashine ya Junker nati ya nailoni nayo hupoteza mvuto wake, ingawa kwa taratibu zaidi, kisha husimama mahali fulani ikiwa imeshika bolti bila kubana kitu. Na kiungo kisichobana, japo kina nati yake, huanza kugongagonga, bolti hupindwa huku na huku, na baada ya muda chuma huchoka na kukatika. Nati imelindwa, bolti imevunjika.

Tazama kazi inavyofanyika kando ya barabara ya Keroka. Cheni ya bodaboda imerefuka kwa milima na mizigo. Fundi huingiza spana mbili, moja kila upande wa ekseli ya nyuma, hufungua nati, huzungusha vivutio viwili vya cheni kwa kipimo sawa, huibonyeza cheni kwa kidole aone inavyocheza, kisha hukaza tena, mara nyingi kwa kuchomeka kipande cha bomba katika mkia wa spana. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi katika mwaka. Iwapo nati ya ekseli ni ya nailoni, itoe uitazame kwa mwanga: nati mpya ina pete laini isiyo na alama, ile iliyotumika kidogo ina mifereji iliyochorwa vizuri na meno ya bolti, na ile iliyofunguliwa mara nyingi ina mifereji mipana yenye mchanga ndani yake na vijinyuzi vya nailoni vilivyonyofoka ukingoni. Kipimo cha kimataifa cha nati za aina hii huijaribu nati kwa kuifungua mara 5, na baada ya hapo hakidai kitu. Alama ya fundi asiye na chombo cha kupimia ni vidole vyake: nati ya nailoni ikipita yote katika bolti kwa kuzungushwa na vidole tu, imekwisha kazi, na mahali pake ni katika debe la vyuma chakavu. Kadhalika bolti sharti itokeze juu ya pete, walau jino moja au mawili, na ikiwa bolti ina tundu la pini lenye ncha kali, tundu hilo litainyoa pete katika kupita mara ya kwanza.

Simlaumu fundi katika jambo hili. Mtu aliyebuni chombo na kuiweka nati inayojaribiwa kwa kufunguliwa mara 5 mahali ambapo patafunguliwa mara 50 amelitupa tatizo lake kwa mtu mwingine, aliye mbali, asiye na spana ya kupimia, na ambaye mteja wake anamhimiza. Kwa ekseli ya nyuma ya pikipiki za nchi ya milima ningechagua nati ya mapengo, ambayo hupitishwa pini ya miguu miwili katika tundu la bolti na miguu hiyo kukunjwa. Pini ni bei ndogo, hubadilishwa kila mara, na zaidi ya yote huonekana: abiria mwenyewe, kabla ya kupanda, aweza kuinama na kuona ipo au haipo. Hata hivyo nati hiyo ina taksiri yake, nayo yatokana na ile hesabu ya kurefuka. Mapengo ni 6, kwa hiyo kutoka pengo hadi pengo nati huzunguka nyuzi 60, ambazo kwa bolti yetu ya milimita 10 ni mwendo wa milimita 0.25, na tumekwisha kuona kwamba bolti iliyobana milimita 40 hurefuka chini ya milimita 0.1. Fundi anayekaza vyema, akaona tundu halilingani na pengo, akairudisha nati nyuma kidogo ili pini ipite, huenda ameondoa mvuto wote kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaupigia muhuri wa pini. Aisogeze nati mbele, ama abadilishe washa iliyo chini yake, lakini asiirudishe nyuma. Katika ekseli hatari hii hupungua, kwa sababu ekseli ni ndefu, na kitu kirefu hurefuka zaidi. Katika bolti fupi nati ya mapengo hailindi mvuto, hulinda nati tu.

Katika viwanda vya chai hali ni nyingine. Mashine za kukatakata majani zina jozi za mitaimbo yenye meno, mmoja ukizunguka takriban mara 10 kwa kila mzunguko mmoja wa mwenzake, na mitaimbo hiyo hutolewa kila baada ya muda ili inolewe, hivyo kwamba bolti za nyumba za beringi hufunguliwa na kufungwa daima. Hapo hufaa zile washa za jozi zenye kabari, ambazo mteremko wake wa ndani ni mkali kuliko mteremko wa meno ya bolti. Nati ikitaka kurudi nyuma hulazimika kupanda kabari hizo, na kwa kupanda huizidishia bolti mvuto badala ya kuupunguza, na fundi aliye na spana huzifungua pasipo taabu. Karibu na vikaushio na matanuri ya kuni nailoni haina kazi, kwani ikipita nyuzi 120 za joto hulainika. Mahali hapo hutakiwa nati ya chuma kitupu iliyofinywa mdomo, na hiyo, ikiwa ni ya chuma kisichoota kutu juu ya bolti ya chuma kisichoota kutu, sharti ipakwe grisi inayofaa na ikazwe polepole, la sivyo meno yatang'atana hata bolti ikatwe kwa msumeno. Ile gundi iliyobuniwa na Vernon Krieble huko Hartford, Marekani, mwaka 1953, ambayo hubaki maji ikipata hewa na huganda ikifungiwa baina ya meno ya chuma, huzuia mtikisiko wa kukingama kuliko vifaa vingi, kwa kuwa hujaza nafasi ambayo meno yangetelezea. Lakini hudai meno yaliyosafishwa oili yote, na sijui ni mahali gani katika kiwanda cha chai, au katika gereji ya kando ya njia, ambapo sharti hilo hutimizwa kwa urahisi.

Dunia imelipa ghali katika somo hili. Tarehe 10 Mei 2002, huko Potters Bar nchini Uingereza, behewa la treni liliacha njia na watu 7 wakafa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba nati za fito zinazozishika reli za kubadilishia njia zilikuwa hazikukazwa, na nyingine hazikuwapo. Tarehe 20 Agosti 2007, katika uwanja wa Naha nchini Ujapani, ndege ya China Airlines iliwaka moto ikiwa imesimama, ingawa kwa rehema ya Mungu watu wote 165 walitoka salama. Washa moja ilikuwa haimo mahali pake, kwa hiyo nati, ambayo haikufunguka katika bolti yake, ilipita na bolti katika tundu lililokuwa pana kuliko yenyewe, na bolti hiyo ikatoboa tangi la mafuta. Kanuni za usafiri wa anga za Marekani zinataka kila bolti iondolewayo, ambayo ikipotea ndege haitaweza kuruka salama, iwe na vizuizi viwili mbalimbali, na zinakataza nati inayotegemea msuguano peke yake kuwekwa katika bolti inayozunguka wakati wa kazi. Sioni kwa nini hekima hiyo isitufae sisi wa ardhini: mkono unaolizuia bamba la breki ya nyuma ya pikipiki lisizunguke na gurudumu hufungwa kwa bolti moja kila ncha, na bolti mojawapo ikichomoka abiria wawili huwa hawana breki ya nyuma katika mteremko, basi ile pini ndogo isiachwe kwa kuwa nati imeonekana kukaza.

Magurudumu ya malori na matatu nayo hufuata sheria ileile. Katika malori mengi ya Kijapani, na ya Kiingereza ya zamani, nati za upande wa kushoto zina meno ya kukazwa kinyume, ili mzunguko wa gurudumu uzivute kwenye kukaza, kama ilivyo pedali ya kushoto ya baiskeli. Dereva asiyelijua hilo hukata bolti kwa kudhani anafungua. Na gurudumu lililovuliwa na kurudishwa lisihesabiwe limefungwa mpaka likazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu ya ile rangi na kutu inayopondeka baina ya rimu na kitako chake.

Nimeuacha kinu cha mahindi mwisho kwa sababu ndicho kinachotengenezwa zaidi na mafundi wetu wenyewe, na kwa hiyo ndicho tunachoweza kukirekebisha bila kumngoja mtu. Katika vibanda vingi injini za zamani za Lister, zilizoundwa Dursley, Uingereza, na ambazo huzunguka mara 650 kwa dakika, zilifungwa kwa bolti za mpango wa Joseph Whitworth wa mwaka 1841, wenye meno ya pembe ya nyuzi 55, ilhali bolti za dukani leo zina pembe ya nyuzi 60 na nafasi nyingine baina ya meno. Nati ya mpango mmoja ikilazimishwa juu ya bolti ya mpango mwingine hukaza mapema na kwa nguvu, lakini ni jino moja au mawili tu yanayobeba mzigo. Zaidi ya hayo, mkanda unaokizungusha kinu huivuta injini kwa upande, kwa kuzikingama kabisa bolti zinazoishika juu ya fremu, na bamba la fremu huwa jembamba, hivyo kwamba tumekusanya mahali pamoja bolti fupi na mtelezo wa kukingama. Kuongeza washa ya springi hapo ni kazi bure. Fremu itobolewe matundu mawili na kutiwa pini nene zilizopigwa kwa nyundo baada ya mkanda kuwekwa sawa, ili pini hizo ndizo zipokee mvuto wa mkanda na bolti zisiwe na kazi nyingine ila kubana; kisha chini ya kila nati liwekwe pipa fupi la bomba nene la chuma, la urefu wa milimita 40, na bolti iwe ndefu kwa kadiri hiyo. Bolti iliyokuwa ikibana milimita 10 sasa itabana 50, kurefuka kwake kutapanda kutoka milimita 0.02 hadi takriban 0.1, na kutu au rangi ikila ile milimita 0.01, kinu hakitapoteza nusu ya nguvu inayokishika, bali sehemu moja ya kumi.